Kaka anataka hati ya nyumba yangu aombee mkopo, nimpe?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni mwalimu, nipo Morogoro, nimeolewa, nina watoto wawili. Nyumba tunayoishi hati yake ina jina langu peke yangu. Kaka yangu wa tumbo moja ana duka la spea za pikipiki, anataka mkopo wa milioni 40 benki kwa miezi 24 ila hana cha kuweka dhamana, ndo ameniomba hati. Afisa mikopo ameshakuja kuiona nyumba na mthamini wao, akasema inafika milioni 90. Ijumaa tunatakiwa kwenda kusaini. Mume wangu bado sijamwambia mana yeye na kaka hawaivi, na afisa amesema nikitaka mambo yaende haraka naweza kula kiapo kwamba sina mume. Kaka anasema mkopo ni wake, mimi ni jina tu. Je kuna hatari gani? Na akishindwa kulipa si wanaanza na duka lake kwanza?

JIBU: Dada, shikamoo kama umenizidi, kama sivyo basi za huko. Nimelisoma swali lako mara mbili na kilichonifanya nijibu kirefu ni hayo maneno ya kaka kwamba wewe ni jina tu. Kwenye huo mkopo jina ni kaka. Mkopo wenyewe ni wewe. Ukiiondoa nyumba yako pale hakuna mkopo, benki haijavutiwa na duka la spea hata kidogo, imevutiwa na hati yako, na mimi nasema hivi kwa sababu kabla sijaingia kwenye uwakili nilikaa dawati la mikopo miaka kadhaa na najua tulivyokuwa tunaangalia mafaili. Faili la biashara ndogo lenye dhamana nzuri lilikuwa linapita hata kama hesabu za biashara zimechoka. Tulikuwa tunajiambia tu, ikishindikana nyumba ipo.

Nianze na swali lako la mwisho mana ndo watu wengi wanapotea hapo. Hapana, hawalazimiki kuanza na duka lake. Sheria yetu ya mikataba inasema wajibu wa mdhamini unalingana na wa mkopaji, yaani siku kaka amekwama na wewe umekwama siku hiyohiyo, na benki inachagua inaanzia wapi isipokuwa mkataba wenyewe uwe umesema vingine. Sasa fikiria wewe ndo meneja wa benki. Upande huu kuna spea, chain na tairi na plagi ambazo zinahamishika usiku mmoja kwa kirikuu, upande huu kuna nyumba yenye hati ambayo imesajiliwa rehani kwa Msajili wa Hati na haiendi popote. Utaanza na ipi? Basi ndo hivyo.

Tuweke namba kidogo. Milioni 40 kwa miezi 24, tuseme riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi inayohesabiwa kwenye salio linalopungua (kwako inaweza kuwa tofauti, uliza), rejesho linakuwa milioni 2 kasoro kidogo kila mwezi. Hiyo milioni 2 ni faida, sio mauzo. Duka linatakiwa litoe milioni 2 baada ya kodi ya fremu, baada ya kijana wa dukani, baada ya ada za watoto wake na msosi wa nyumbani, na mwezi wa kwanza tu baada ya kukopa, sio mpaka mzigo uzungushwe. Wewe ni mwalimu, hesabu hii huwezi kushindwa. Nenda dukani kwake kaa siku tatu kwenye kiti cha plastiki, angalia wanaoingia wananunua nini na kwa bei gani, alafu omba stetimenti ya simu na ya benki ya miezi sita. Kaka akikasirika kwa kuombwa stetimenti na wewe unaweka nyumba, hapo umeshapata jibu lako na hujatumia hata mia.

Na usipime kwa kuangalia kama kaka ni mtu mzuri. Najua ni mtu mzuri. Wengi niliowaona wakiuziwa nyumba hawakutapeliwa na mtu, walidhamini watu wazuri ambao walipata ajali, mzigo ukakwama bandarini, wakaugua, au jirani akafungua duka kubwa zaidi hatua kumi kutoka pale. Tuseme kaka analipa vizuri miezi 9 alafu duka linayumba, deni lililobaki kwa hesabu ile ni kama milioni 26.6. Nyumba ya milioni 90 inasimama mnadani kwa deni la milioni 26.6, na kila mwezi unaopita riba na faini zinapanda juu yake.

Sasa twende kwenye karatasi, mana hatari kubwa iko humu na Ijumaa mtasaini haraka haraka kama watu wanaowahi basi. Siku ya kusaini unakuta rundo limeshabandikwa vijikaratasi vya njano, saini hapa, saini hapa, na hapa, weka dole, picha ya pasipoti mbili. Dakika ishirini mmemaliza mnapewa maji ya kunywa. Nilishawahi kumsainisha mama mmoja karatasi za namna hiyo, hati yake aliitoa kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa ndani ya khanga, akaniuliza swali moja tu, "mwanangu hii nitaipata lini?" Nikamwambia mkopo ukiisha. Sikumwambia kwamba mkopo wenyewe kwa jinsi ulivyoandikwa hauna mwisho. Na mimi nilikuwa najua. Mpaka leo namkumbuka.

Nafafanua hapo. Kwenye mikataba mingi ya rehani kuna maneno yanasema kwamba dhamana hii inasimamia madeni yote ya mkopaji, ya sasa na yatakayokuja. Yote. Maana yake kaka akimaliza miezi 12 akaambiwa wewe mteja mzuri chukua topapu (nyongeza juu ya mkopo uliopo), anachukua, na nyumba yako inaendelea kulala palepale bila wewe kurudi kuombwa. Akipewa na ovadrafti, ile ruhusa ya kutoa pesa kuzidi zilizopo kwenye akaunti, hivyohivyo. Wewe kichwani una miezi 24 na milioni 40, kwenye karatasi hakuna ukomo wa miezi wala wa pesa. Sheria ya mikataba inakulinda kidogo hapa, inasema mkopeshaji akibadilisha masharti na mkopaji bila ridhaa ya mdhamini basi mdhamini anaachiliwa kwa yale yanayotokea baada ya badiliko. Ila benki nazo zina mawakili dada, wanaandika kabisa ndani kwamba unakubali mapema mabadiliko yoyote, unasaini, na ulinzi umeuvua mwenyewe. Kwa hiyo kama utasaini, kitu cha kwanza cha kupigania ni sentensi moja tu: rehani hii ni kwa mkopo namba fulani wa shilingi milioni 40 na riba yake, basi, na nyongeza yoyote haigusi nyumba hii mpaka mwenye nyumba asaini upya. Benki zingine zinakataa. Ikikataa kuandika hivyo ujue kwa nini inakataa.

Kitu cha pili kwenye lile rundo kuna karatasi inaitwa dhamana binafsi, na watu wanadhani ni ileile ya nyumba. Sio. Rehani inaishia kwenye nyumba, ikiuzwa imeisha. Dhamana binafsi inakufuata wewe kama wewe, ikimaanisha nyumba ikiuzwa na pesa isitoshe bado unadaiwa, na wewe una mshahara wa serikali unaoingia kila mwezi, rahisi kufikika. Ukiulizwa kwa nini hutaki kusaini hiyo wewe jibu tu kwamba nyumba ya milioni 90 kwa mkopo wa milioni 40 inatosha. Mara nyingi wanakubali, ni fomu tu ambayo wameizoea kuitoa kwa kila mtu.

Cha tatu anuani. Najua kinaonekana kidogo. Sheria ya Ardhi (Sura ya 113, ile ya 1999 ambayo sehemu ya rehani ilifanyiwa marekebisho 2004 na tena 2008) inasema mkopo ukiingia dosari benki ikupe wewe mweka rehani notisi ya maandishi, ieleze kosa ni nini na ufanye nini kulirekebisha, na una siku 60 tangu uipokee kabla hawajaanza kuchukua hatua ya kuuza. Siku 60 ni nyingi, unaweza kutafuta pesa, unaweza kuuza kipande cha shamba, unaweza hata kuuza hiyo nyumba mwenyewe kwa bei nzuri ukalipa ukabaki na chenji. Tatizo barua inakwenda wapi? Nimesimamia kesi ya mzee mmoja ambaye kwenye fomu ya benki anuani yake iliandikwa sanduku la posta la mkopaji, mkwe wake, na barua zote zilifika, mkwe akazipokea, akazificha kwenye droo kwa aibu na kwa kuamini kwamba mwezi ujao atalipa. Mzee alijua siku alipokuta karatasi ya dalali imebandikwa kwenye geti, na tangazo la mnada kisheria linatakiwa kuwa siku 14 tu. Kwa hiyo siku zake 60 ziliisha akiwa anamwagilia mchicha. Andika anuani yako, namba yako ya simu, na omba kwa maandishi upate stetimenti ya mkopo huo kila mwezi. Mkopaji atatakiwa kutoa ridhaa ya benki kukupa taarifa zake, aitoe sikuhiyohiyo ya kusaini, baadae hatoitoa.

Haya, mnada ukifika. Sheria inamtaka mkopeshaji auze kwa bei bora inayoweza kupatikana, na nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi inachukuliwa kwamba amekiuka wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo, na wewe unaweza kwenda mahakamani. Kwa ya kwako ya milioni 90 mstari ni kama milioni 67.5. Lakini usilalie hilo, mana ikishauzwa kwa mnunuzi aliyenunua kwa nia njema sheria inamlinda sana yule mnunuzi, unaweza kujikuta una haki ya kudai fidia kwa benki na sio kurudishiwa nyumba, na fidia ni kesi, na kesi ni miaka, wakati nyie mpo kwenye chumba cha kupanga. Kama ni kwenda mahakamani unaenda kabla ya nyundo kugongwa, na uende na sababu yenye miguu (notisi hukupata, deni wamelikosea, rehani haikufuata sheria), kwenda kulia tu kwamba kaka ndo alikula pesa hakuzuii chochote. Na nyumba ikiuzwa kwa pesa kuzidi deni na gharama, kinachobaki ni chako wewe mwenye nyumba, sio cha kaka. Watu wanaondoka kwa uchungu hawafuatilii hata hiyo.

Unaweza kumdai kaka baadae? Ndio, ukilipa deni la mtu uliyemdhamini sheria inakupa nafasi ya kusimama kwenye viatu vya benki na kumdai yeye, hata dhamana nyingine alizoweka zinahamia kwako. Kwa karatasi ni haki nzuri kweli. Ila aliyeshindwa kulipa benki atakulipa wewe na nini, na utampeleka mahakamani mtoto wa mama yako?

Na ukifa je, samahani kuuliza. Mikopo mingi ina bima, na kaka atakwambia usijali kuna bima. Muulize afisa bima inamkatia nani. Kwa kawaida ni mkopaji, yaani yeye akifariki bima inalipa salio na nyumba inapona. Wewe ukifariki bima hailipi kitu, wanao wanarithi nyumba ikiwa na rehani mgongoni, na mjomba wao ndo anashikilia usukani.

Sasa la mume, nililiacha mpaka hapa kwa makusudi mana ndo linanitisha kuliko yote. Hati kuwa na jina lako peke yako hakubadilishi kwamba hiyo ni nyumba ya ndoa, mnalala humo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mmoja wenu kuiweka rehani au kuiuza bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi inasema rehani ya nyumba ya ndoa ni halali pale tu ambapo karatasi zinaonyesha mwenza anayeishi humo ameridhia. Tena marekebisho ya 2008 yakaongeza kwamba wewe mwenye nyumba una wajibu wa kusema kama una mwenza, na benki ina wajibu wa kuchukua hatua za kutosha kujua. Kwa hiyo yule afisa anayekwambia ule kiapo kwamba huna mume anajua fika anachofanya. Ana malengo ya mwezi ya kufikisha, wewe una ndoa. Kiapo cha uongo ni jinai, na aliyeapa ni wewe, saini yako, picha yako, yeye hata jina lake halipo kwenye hiyo karatasi.

Kuna watu watakunong'oneza kwamba tena hiyo ni nzuri, mambo yakiharibika mume anakwenda mahakamani anasema sikuridhia, rehani inakufa. Nimeziona hizo kesi. Zingine mwenza anashinda kweli. Zingine mahakama inauliza benki ilifanya nini kujua, benki inatoa kiapo chako, na barua ya serikali ya mtaa uliyoipata kwa kuongea vizuri na mwenyekiti, na wewe unasimama pale unatakiwa kuchagua kati ya kusema ulidanganya chini ya kiapo au kukaa kimya nyumba iende. Mume yuko benchi la pembeni anasikiliza. Sijui nyumba gani inastahili hiyo siku.

Tahadhari mbili za haraka za pembeni mana watu watasoma hapa hawako benki. Kama mkopo ni wa mtu binafsi, wale wa riba za mtaani, na anakwambia badala ya rehani tusaini tu mkataba wa mauziano kama formality, kimbia, huo ni mkataba wa kuuza na siku ikifika atakuja nao akiwa na mashahidi na mhuri wa mtaa, na wewe utakuwa huna karatasi hata moja inayosema neno mkopo. Na usimpe ndugu hati pamoja na pawa ya atoni (karatasi ya kumruhusu asaini kwa niaba yako) akahangaike mwenyewe kwa sababu wewe uko bize. Akiwa na hiyo anaweza kukopea chochote kwa yeyote na saini yake inasomeka kama yako.

Tukirudi kwako. Mimi kwa ulivyoeleza, hapana, usiweke nyumba mnayoishi. Ingekuwa ni kiwanja cha pembeni ambacho kikipotea mtaumia lakini mtalala ndani, tungeongea masharti. Kama unataka kumsaidia kaka kuna kumkopesha kiasi ambacho kisiporudi utanung'unika tu, kuna kuingia naye kwenye mzigo mmoja mkagawana faida, kuna yeye kuanza na mkopo mdogo wa dhamana ya mzigo wake na kodi ya fremu aliyolipia, milioni 5 akailipa vizuri akajenga historia. Milioni 40 kwa mtu asiye na dhamana ni kuruka ngazi nne kwa mguu mmoja.

Na kama baada ya yote haya bado moyo unakusukuma, basi iwe hivi: Ijumaa usiende kusaini, nenda kuomba nakala ya barua ya ofa ya mkopo na rasimu ya rehani, ni haki yako kusoma unachosaini. Mpelekee wakili asiye wa benki, umlipe mwenyewe. Andikishianeni na kaka mkataba wenu pembeni, kwamba akichelewa rejesho moja anakupa duka usimamie au anauza pikipiki yake akulipe. Siku mkopo ukiisha usisherehekee mpaka umeshika hati mkononi na rehani imefutwa kwa Msajili wa Hati, mana kuna watu wamerudishiwa hati miaka mitatu iliyopita na kwenye daftari bado nyumba inasomeka ina rehani, wanakuja kujua siku wanataka kuuza.

Hujaniuliza utamwambiaje kaka, ila najua ndo linalokunyima usingizi. Mwambie ukweli kama ulivyo, kwamba umeambiwa na wakili nyumba ya ndoa haiwekwi bila mume kusaini, na kiapo cha uongo huli. Sio kisingizio, ni sheria. Kama anautaka huo mkopo basi aje yeye mwenyewe nyumbani Jumapili, akae na shemeji yake sebuleni, amweleze biashara ikoje na milioni 2 za kila mwezi zitatoka wapi.